Kuuza kiwanja ili mtoto akasome ng'ambo: anayelipa ni nani?

Mleta mada, Ilemela

Ndugu wachangiaji,

Juma lililopita tuliitwa Buswelu, nyumbani kwa kaka yangu, kwenye kikao cha familia. Binti yake amemaliza kidato cha sita katika mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na amefaulu, lakini hakupata nafasi ya udaktari katika vyuo alivyoviomba hapa nchini. Mezani palikuwa na faili la plastiki lililoachwa na wakala wa vyuo vya nje: picha za mabweni yaliyozungukwa na theluji, barua ya udahili yenye mhuri mwekundu, na karatasi ya ada iliyokunjwa mara mbili na kuwekwa nyuma kabisa, ambayo tuliikunjua sisi wenyewe. Pendekezo lilikuwa kuuza kiwanja alichoacha marehemu baba yetu. Nilipoonyesha shaka niliambiwa kwamba mimi nimekwisha kusoma, na sasa nawafungia wengine mlango.

Hoja yangu ni kwamba kwa shahada ya kwanza, familia isiuze mali ya pamoja kumpeleka mtoto mmoja nje ya nchi. Sisemi kwamba elimu ya nje ni mbaya, na wimbo wa wasomi wanaokimbia nchi siuimbi hapa, kwa sababu kikao cha Buswelu hakikuwa kikao cha Wizara.

Ninachouliza ni nani anayelipa. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, huelekeza sehemu kubwa ya fedha zake kwa wanaosoma vyuo vya ndani, na mhitimu akishaajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe. Makato hayo yanauma, na wengi humu tunayalalamikia kila mwisho wa mwezi, lakini angalau anayekatwa ni yule yule aliyesoma. Kiwanja kikiuzwa, wanaokatwa ni wadogo zake wanne, ambao hakuna aliyewauliza, na hakuna tarehe ambayo deni lao litakwisha.

Kisha kuna gharama ambazo hazimo kwenye karatasi ya ada. Anayeomba viza ya masomo ya Uingereza hutakiwa kuonyesha kwamba fedha za ada na za kujikimu zimekaa benki kwa siku 28 mfululizo, na huku kwetu nimeona jambo hilo likigeuka kuwa biashara: mzazi anaazima fedha kwa wafanyabiashara, zinalala kwenye akaunti siku hizo 28, taarifa ya benki inachapishwa, na siku ya 29 zinarudi kwa mwenyewe pamoja na riba. Mtoto anapanda ndege akiwa na karatasi inayosema ana fedha ambazo hana. Anatarajia kufanya kazi, ilhali sheria ya huko kwa kawaida humruhusu mwanafunzi wa shahada saa 20 tu kwa wiki wakati wa muhula.

Mwisho, tuwatazame waliotutangulia. Mwalimu Nyerere alisoma Makerere kati ya mwaka 1943 na 1945, akarudi akafundisha Tabora, na ndipo mwaka 1949 akaenda Edinburgh kwa ufadhili. Paul Bomani wa hapa kwetu Mwanza alikuwa tayari anawaongoza wakulima wa pamba alipokwenda Loughborough kusomea ushirika mwanzoni mwa miaka ya 1950, na aliporudi akauongoza muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria Federation, ulioundwa mwaka 1955. Wote wawili walikwenda wakiwa watu wazima wenye kazi mkononi, wanaojua wanakwenda kutafuta nini. Nakaribisha mawazo.

Mwalimu wa historia, Bukoba

Mleta mada, hoja yako ya makato ya Bodi ni nzito na sina la kuipinga. Ya Nyerere haikusaidii. Mwaka 1943 Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, tena kama tawi la Chuo Kikuu cha London. Mwalimu hakuchagua kuanzia nyumbani. Makerere yenyewe iko Kampala, kwa hiyo kwa kipimo chako alianzia nje!

Nikiwa hapo hapo, naomba tukubaliane "nje" ni wapi. Sisi wa Kagera tukivuka mpaka wa Uganda pale Mutukula tunafika Kampala kwa basi mapema kuliko tunavyofika Dar es Salaam, na mtoto akiugua mama yake anamfuata siku hiyo hiyo. Halafu tangu mwaka 2023 chuo cha teknolojia cha IIT Madras cha India kinafundisha Zanzibar, ndani ya Jamhuri ya Muungano. Huwezi kuziweka Kampala, Zanzibar na Wuhan ya China katika kapu moja.

Daktari tarajali, Nyamagana

Mimi ni mmoja wa wale ambao familia zao ziliuza mali ili wasome nje, basi niruhusiwe kusema. Nilikuwa mwaka wa tatu wa udaktari katika chuo kimoja cha China nilipokuja likizo nyumbani mwanzoni mwa mwaka 2020. Machi mwaka huo China ilifunga mipaka yake kwa wageni, na wanafunzi wa kigeni walianza kuruhusiwa kurudi kwa wingi Agosti 2022. Kwa muda wote huo nilisomea sebuleni kwa mama yangu, Nyamanoro. Kipindi cha saa mbili asubuhi kwa saa za Beijing ni saa tisa usiku kwetu, hivyo nilikaa gizani na simu niliyoiegemeza kwenye chupa ya chai, namtazama profesa akipapasa tumbo la mgonjwa ambaye mimi sikuweza kumgusa. Ada iliendelea kulipwa, na ng'ombe wa babu waliendelea kupungua.

Nilipohitimu nilianza safari ya pili ambayo wakala hakuitaja: shahada kupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ili itambuliwe na kulinganishwa na za hapa, kisha Baraza la Madaktari Tanganyika, kisha kusubiri kupangiwa utarajali, yaani mafunzo ya kazi hospitalini. Wenzangu wa sekondari waliobaki nyumbani walikuwa wamenitangulia, na wameshawahi kuzalisha, kushona na kupoteza wagonjwa wakiwa na msimamizi pembeni yao.

Pamoja na hayo, simuungi mkono mleta mada moja kwa moja. Corona haikuwa kosa la familia yangu, na leo navaa koti jeupe. Ninachowaomba wazazi ni kwamba kabla ya kusaini chochote wafike wenyewe TCU na kwenye Baraza, waulize kama chuo hicho na kozi hiyo vinakubalika, wasiridhike na neno la mwenye faili.

Mwanafunzi, Leipzig (mzaliwa wa Sengerema)

Shikamooni. Mjadala umekaa kwenye udaktari na Uingereza, kana kwamba kila nje ni ya kununuliwa. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo. Jimbo la Baden-Württemberg ndilo linalojulikana kwa kuwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, tangu mwaka 2017. Kinachowashtua watu ni ile akaunti iliyozuiwa ya benki, anayotakiwa kuwa nayo anayeomba viza, ambayo tangu Septemba 2024 hutakiwa iwe na euro 11,904. Lakini hiyo si ada. Ni chakula na kodi ya chumba chako mwenyewe, unafunguliwa euro 992 kila mwezi, na ukibana matumizi unabakiwa na kitu.

Bei halisi ni lugha. Nilisoma Kijerumani mwaka mzima kabla ya kuondoka, na bado siku za mwanzo nilitoka darasani nikiwa nimeelewa salamu tu.

Mfanyabiashara wa dagaa, Mwaloni Kirumba

Wanangu, nimesoma yote haya nikisubiri mzigo. Mleta mada amesema kiwanja kikiuzwa wanaolipa ni wadogo zake binti. Nami namuuliza: kiwanja kisipouzwa, binti huyo atapata futi ngapi? Katika nyumba nyingi za huku ardhi ya baba huenda kwa wavulana, na msichana huambiwa kwamba ardhi yake iko kwa mumewe. Mimi niliuza mtumbwi na mashine yake binti yangu akasome India, na kaka zake walinuna miaka miwili. Ninyi wanaume mnaiita mali ya pamoja siku inapotaka kuuzwa kwa ajili ya msichana. Siku ya kugawa hamuiiti hivyo.

Mleta mada, Ilemela

Mwalimu wa Bukoba, nimekubali. Nyerere namwondoa kwenye hoja yangu, Bomani namwacha.

Mama wa Mwaloni, nimelisoma neno lako mara tatu, na nakiri kwamba nilipohesabu wadogo zake wanne sikutaja kwamba wote ni wavulana. Niliita mali ya pamoja kitu ambacho, kwa desturi yetu, yeye hana fungu ndani yake. Bado naamini udaktari wa theluji ni bahati nasibu kwa familia yenye kiwanja kimoja, na maelezo ya daktari wetu yamenizidishia hofu badala ya kuipunguza. Lakini sitarudi Buswelu kusema "kisiuzwe" nikaondoka.

Tunakutana tena Jumapili. Nitapendekeza kiwanja kipimwe na kigawanywe mafungu matano sawa, la binti likiwa na jina lake kwenye karatasi, naye aombe tena vyuo vya ndani katika udahili ujao. Akikosa tena, fungu lake aliuze yeye, kwa chuo ambacho tutakuwa tumekwisha kukiulizia TCU. Kaka yangu amenipigia simu leo asubuhi kuuliza kama ni kweli nataka kumpa msichana kiwanja. Nimemjibu kwamba tutaongea Jumapili.