Suzuki Samurai yenye mota ya Vitara 1.6: nibadilishe ponti (ekseli) zote au kuna njia nyingine?

Mteremko_Ndosho (Goma)

Jambo wandugu. Naomba mawazo, hasa kwenu mnaofahamu zile Suzuki ndogo.

Nina Samurai ya 1988, na ni gari ya kazi. Mara mbili kwa juma napita Sake, napanda Masisi, narudi na fromaji (jibini). Mzigo ni kilo mia mbili, siku nyingine mia tatu, na kijana mmoja wa kunisaidia. Mota yake ya 1.3 ilikufa mwaka jana. Fundi mmoja wa Birere akanipatia ya Vitara, 1.6 ya vali 16, pamoja na kompyuta na nyaya zake. Ilishika kwenye bwate (giaboksi) ileile, na transfa, lile boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, haikusogea hata kidogo. Kisha, kwa sababu ya mawe, tukapandisha resori (springi) juu ya ponti na kuvalisha pine za inchi 31.

Miezi mitano nilifurahi. Majuma mawili yaliyopita, kwenye kona moja juu ya Sake, mvua imetoka kunyesha, gurudumu la mbele la kulia likakwama nyuma ya jiwe. Nilikuwa nimekata usukani wote kushoto, transfa iko kwenye gia ya chini, bwate gia ya kwanza. Gari haikupanda, nikarudi nyuma kidogo, nikaingia na mwendo. Nikasikia mlio mmoja mkavu, kama mtu anapasua kuni. Kuanzia hapo mbele hakukuvuta tena. Tulishusha fromaji yote, tukaibeba kwa kichwa mpaka mahali pa tambarare.

Tulipofungua tukakuta kichwa cha kadani, kile kiungo kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu hata likikatwa, kimepasuka. Lile kombe la nje limefunguka upande mmoja, goroli mbili zimetoka, na kile kikapu kinachozishika kimekatika vipande vitatu.

Sasa kila mtu ananiambia ponti za Suzuki haziwezi mota hii, nitafute za Hilux, mbele na nyuma. Nimeonyeshwa jozi ya okazioni (iliyotumika) kwa dola 1,200, kazi ya kuzifunga haijahesabiwa. Hiyo ni pesa ya miezi mingi kwangu. Nifanye hivyo?

Ngomo_Juu (Bukavu)

Pole sana ndugu. Mimi nilizifunga za Hilux kwenye Samurai yangu, nashuka nayo Uvira kwa njia ya Ngomo, na tangu siku ile sijavunja kitu chochote chini. Kwa hiyo wanaokuambia hawakudanganyi. Difu (kile kichwa cha gia kwenye ponti) ya mbele ya Hilux za zamani, zile zenye ponti nzima mbele, iko kulia kama ya Suzuki, ndiyo maana shafti inayotoka kwenye transfa inafika bila taabu kubwa.

Lakini dola 1,200 ni mlango tu, nyumba yenyewe iko ndani. Magurudumu yako ya nati tano hayataingia, Toyota ni nati sita. Ponti ni pana kuliko gari, kwa hiyo pine zitatoka nje ya bodi na kukurushia matope mpaka kwenye kioo. Vikalio vya resori vinakatwa na kuchomelewa upya, na fundi akikosea mwelekeo wa difu digrii chache, shafti itatetemeka mpaka ikuchoshe. Flanji za shafti hazifanani. Pampu ya freni ya Suzuki ni ndogo kwa freni zile: pedali yangu ilikuwa inashuka mpaka chini, nikabadilisha na pampu nayo. Fimbo za usukani pia.

Na usinunue kabla ya kuhesabu meno ya gia za difu. Fungua difu zote mbili, mbele na nyuma. 41 kwa 9 ni 4.56, 43 kwa 10 ni 4.30, 41 kwa 10 ni 4.10. Mimi niliuziwa jozi ambayo mbele na nyuma hazikulingana. Ukifunga hivyo na kuweka 4x4, ponti mbili zinapigana na transfa inakuwa katikati yao. Kwa pine za 31, tafuta 4.56.

Papa_Kadani (Goma)

Mwanangu, kabla hujatoa pesa hiyo, fuatana nami kidogo kwenye hesabu. Nimefungua Suzuki hizi tangu wakati watu wa miradi walipokuwa wanazitumia, nazipenda, na inaniuma zikilaumiwa kwa kosa ambalo si lao.

Samurai kiwandani: gia ya kwanza 3.652, transfa chini 2.268, ponti 3.73. Zidisha, unapata karibu 31. Maana yake kila nguvu ya mota inafika kwenye magurudumu mara 31. Ya 1.3 ilitoa nguvu ya kuzungusha ya karibu niutoni-mita 100, ya kwako inatoa karibu 130. Imeongezeka, ndiyo. Lakini hukuivunja kadani siku ya kwanza, umefanya nayo miezi mitano na mzigo.

Sasa tazama pine. Za kiwanda, 205/70 za 15, zina kimo cha karibu sentimita 67. Za kwako zina 79. Gurudumu limekua kwa asilimia 18, kwa hiyo ponti yako ya 3.73 inafanya kazi kama ya 3.16. Gari imekuwa nzito kuondoka. Ndiyo maana siku ile haikupanda polepole, ukalazimika kurudi nyuma na kuingia na mwendo. Umeandika mwenyewe. Kichwa cha kadani usukani ukiwa umekatwa wote ndipo kinapokuwa dhaifu kuliko wakati wowote, nawe ukakipiga hapo hapo, gurudumu limeshikwa na jiwe. Lilikuwa pigo, mwanangu. Hata kadani ya Toyota inavunjika hivyo.

Ushauri wangu: anza na transfa. Tafuta ya SJ410, ile Suzuki ya zamani yenye mota ya cc 970. Gia zake ni 1.580 juu na 2.511 chini, wakati yako ni 1.409 na 2.268. Fundi anayejua anahamisha gia zile ndani ya mwili wa transfa yako. Kwa pine za 31 utarudi karibu na pale kiwanda kilipoiacha gari, ingawa si kabisa, na tofauti utaisikia mpaka kwenye ambrayaji (klachi). Ziko pia gia za 4.16 chini, zinaagizwa nje. Ni nzuri mno kwa mawe, gari inapanda bila kukanyaga, ila bei yake si ya mtu wa fromaji.

Halafu nijibu maswali mawili. Grisi uliyoikuta mle nyuma ya gurudumu ilikuwa na rangi gani? Na silenbloki za transfa, zile raba tatu zinazoishikilia, umezitazama?

Mteremko_Ndosho (Goma)

Papa, asante. Jana tulirudi kufungua vizuri, tukafungua na upande wa kushoto ambao haujavunjika.

Hakukuwa na grisi. Kulikuwa na kitu kama uji wa kijivu, na ukiusugua kati ya vidole unasikia mchanga, ule mweusi wetu wa volkano. Ile spi (sili) kubwa inayopangusa kichwa cha mviringo cha ponti imekatika chini kwa urefu wa kidole. Rulma (beringi) za pivo, pale gurudumu linapogeukia, zina kutu. Kijana alipolishika gurudumu juu na chini na kulitikisa, lilicheza. Kadani ya kushoto, goroli zake zimechimba vijia ndani ya kombe. Ukipitisha ukucha unakwama.

Silenbloki mbili za transfa zimeachana na chuma kabisa. Nilikuwa nasikia mgongano kila nikiondoka, nikafikiri ni shafti.

Ngomo_Juu (Bukavu)

Basi hapo Papa amekupata. Mimi ponti zangu nilizibadilisha kwa sababu nilikuwa nimeweka dizeli ya Toyota, chuma kitupu, mbele palikuwa pameanza kupinda. Kwa 1.6 nisingezigusa.

Papa_Kadani (Goma)

Umeona. Kadani yako ilikuwa inasagwa tangu zamani, siku ile ilimalizia tu. Mchanga wa lava ni mkali kama chupa, na ukivuka maji ya njia ya Sake na spi iliyokatika unaubeba ndani.

Fanya hivi. Kadani mbili mpya za mbele, kulia na kushoto, usiache ile iliyochimbika. Spi zote, za nje na ile ndogo ya ndani inayozuia mafuta ya difu yasije kuyeyusha grisi. Rulma nne za pivo. Kabla ya kufunga, osha kwa petroli mpaka kitambaa kitoke safi, kisha jaza grisi nyeusi ya molibdeni. Ipakie kwa kidole mpaka itokee upande wa pili wa goroli. Silenbloki tatu mpya, na mwambie fundi aongeze mkono mmoja wa chuma kutoka transfa mpaka kwenye chasi, maana mota hii inaisokota. Ponti ya mbele, ichomelewe ubavu wa chuma pale inapokutana na vile vichwa vya mviringo, lakini apige kidogo kidogo na kuacha ipoe, la sivyo itajipinda na spi mpya haitakaa.

Na mtu akikuambia uchomelee satelaiti (gia ndogo za ndani) za difu ya mbele ili ivute pande zote, mkatalie. Kwenye kona utavunja kadani zote mbili.

Gia za SJ410 kuna mtu namjua nyuma ya soko la Virunga mwenye transfa moja chini ya meza yake. Njoo Jumamosi asubuhi kabla ya saa tatu, uje na flanji yako mkononi tuilinganishe matundu.

Mteremko_Ndosho (Goma)

Nitakuja, Papa. Nakuletea na boli moja ya fromaji.