Tenki la maji chumvi lita 60, nifunge filta gani na niweke samaki wangapi?

MamaTausi_Tabata
Habari zenu wadau. Nimenunua tenki la kioo lita 60, nataka samaki wa baharini maana wale wa maji baridi nimefuga miaka mitatu sasa. Muuzaji aliniambia jaza maji, tia chumvi, kesho yake weka samaki, nikaweka watano, siku ya tatu wakaanza kupanda juu midomo nje wanahema, ya tano wamebaki wawili, wale wadogo wa bluu wenye mkia wa njano. Roho imeniuma jamani. Huyo huyo muuzaji sasa anasema ninunue filta ya mtungi (ile inayokaa nje ya tenki kwa mipira) na skima (ile ya kutoa uchafu kwa mapovu), na bei imesimama kweli. Hivi vyote navihitaji kwa tenki dogo hivi? Na samaki wangapi wanatosha?

fundi_kioo
Pole sana dada. Hao hawajauawa na kukosa skima, wameuawa na amonia. Samaki anakula humo na kunya humo, chakula kilichobaki kinaoza, vyote vinatoa amonia, na tenki jipya halina bakteria wa kuila. Kuna bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti ambayo nayo ni sumu, halafu wengine wanageuza nitriti kuwa nitrati, hiyo siyo kali sana unaitoa kwa kubadili maji. Mpaka hao bakteria wajae wa kutosha ni kama wiki 4 hadi 6, hapo hakuna njia ya mkato.

Na wanakaa kwenye mawe yenye vitundu vitundu, kwa hiyo filta yako kubwa ni mawe. Tafuta kama kilo 6 au 7, weka pampu ndogo ya kuzungusha maji, lita 600 kwa saa inatosha, na filta ya kuning'iniza nyuma yenye sponji. Basi. Sponji usiioshe kwa maji ya bomba, klorini inaua bakteria, ikamulie kwenye maji uliyotoa tenkini. Skima ni kitu kizuri sikatai ila kwa lita 60 ukibadili lita 6 kila wiki utaishi bila hiyo.

Mtungi mimi siutaki tena. Mwaka juzi umeme ulikatika toka saa mbili usiku mpaka alfajiri, maji yakalala mle ndani bila hewa, umeme kurudi pampu ikawaka yenyewe ikamwaga uozo wote kwa samaki, nakuja kufungua mtungi ni harufu ya yai viza. Hela ya mtungi nunua pampu ya hewa ya betri.

kunduchi_beach_boi
Fundi kaongea. Mi naongezea joto maana watu wanasoma maelekezo ya Ulaya wananunua hita, Dar hita ya nini? Samaki hawa wanataka kama 25 hadi 27, sisi Januari chumbani tu inapita 30. Elekeza feni ndogo juu ya maji, inashusha nyuzi mbili tatu, ila maji yatakauka haraka. Kwenye tenki la sentimita 60 kwa 30 kila sentimita inayoshuka ni karibu lita mbili. Chora mstari kwa maka peni kwenye kioo, kila asubuhi rudishia mpaka hapo kwa maji BARIDI yasiyo na klorini, siyo ya chumvi, kwa sababu chumvi haipai na maji. Ule unga mweupe kwenye ukingo wa kioo ni matone yaliyoruka. Haidromita, kile kipimo cha chumvi kwenye maji, isome 1.024 hadi 1.026.

Mi nachota baharini maji yakiwa yamejaa, nachuja kwa kitambaa, madumu yanakaa gizani siku kadhaa. Wakati wa masika sichoti kabisa, na karibu na mdomo wa Mto Msimbazi usithubutu. Mawe na samaki usiokote visiwani Mbudya wala Bongoyo, ni hifadhi ile.

MamaTausi_Tabata
Asanteni mno, mtungi sinunui. Sasa hawa wawili niwafanyeje? Na baadaye niweke nani, watoto wanataka yule bluu bapa mwenye mkia wa njano.

fundi_kioo
Huyo bapa anafika sentimita 30 dada, lita 60 ni kumfunga jela. Weka samaki klauni wawili wadogo (wale wa rangi ya chungwa na mistari myeupe), mkubwa wao atakuwa jike, na gobi mmoja, samaki mdogo wa kukaa chini, inatosha, na wasiingie siku moja. Konokono watatu wanne wa kula mwani. Anemoni, yule kiumbe kama ua wa baharini, acha kwanza, anataka taa kali na tenki lililokomaa.

Hao wawili kama kuna mtu ana tenki la zamani mpelekee, wakishajiona wenye nyumba watamsumbua kila mgeni.

kunduchi_beach_boi
Mi ningebaki nao, wa mkia wa njano ni wapole kuliko ndugu zao, mgeni akija hamisha mawe usiku ili wote waanze upya. Ila leo hii toa lita 15 weka mpya yenye chumvi ile ile na joto lile lile, kesho kutwa tena, chakula punje chache tu mara moja kwa siku mpaka kipimo cha amonia kisome sifuri.

MamaTausi_Tabata
Nimetoa lita 15 sasa hivi. Mmoja ameshashuka chini anazunguka jiwe, mwingine bado yuko juu karibu na pampu. Nitawaambia kesho.