Nasali kila alfajiri, na kabla ya saa mbili nimeshamfokea mama mkwe. Naombeni ushauri

Mama wa Uyole:
Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Mama mkwe alipata kiharusi mwaka jana, mkono na mguu wa kulia havina nguvu. Mume wangu ni dereva wa lori, leo Tunduma kesho Dar, nyumbani namwona siku mbili kwa wiki. Tumebaki mimi, mama na watoto wawili.

Saa kumi na moja nawasha mshumaa, nasali sala ya asubuhi na tendo moja la rozari, nasoma Injili ya siku. Namwomba Mungu uvumilivu. Nainuka pale moyo umetulia kabisa. Saa moja na nusu nampa mama uji. Leo kautema wote, makusudi, kwenye blanketi nililofua juzi, na kwa baridi hii ya Juni mnajua blanketi linavyokawia kukauka. Nikamwambia, "Mama, unataka nirudi kwetu?" Maneno hayamtoki vizuri siku hizi. Alishika pindo la kitenge changu kwa mkono wa kushoto, akaling'ang'ania.

Kinachonitesa ni pale kwenye 1 Wakorintho 13, upendo "hauhesabu mabaya". Mimi nahesabu. Ukiniuliza mwezi huu kaniamsha usiku mara ngapi, nakutajia. Je, nasali bure? Niache kukomunika kwanza mpaka nibadilike?

Mlinzi wa Imani:
Dada, hapo imani imepungua. Funga siku tatu kwa mkate na maji, na rozari usali yote, siyo tendo moja.

Katekista mstaafu, Iringa:
Ndugu yangu hapo juu, mtu hapati usingizi wewe unamwongezea njaa? Hapana.

Mwanangu, Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, yule mtawa wa Karmeli ya Lisieux, Ufaransa, aliyefariki 1897 akiwa na miaka 24 tu, alijitolea kumsindikiza sista mzee mgonjwa kutoka kwenye sala ya jioni hadi chumba cha chakula. Hakuwa mtu wa kuridhika. Akitembea haraka, analalamikiwa. Akipunguza mwendo, analalamikiwa. Teresa akaja kugundua kwamba yule mzee anapata shida kukata mkate wake. Akawa anamkatia kila jioni kabla ya kuondoka, na kumwachia tabasamu. Tazama, huyu aliondoka kwenye sala aende kwa mgonjwa, na sala haikukatika.

Wewe unaomba uvumilivu wa siku nzima saa kumi na moja, kama mtu anayejaza ndoo asubuhi akitegemea ifike jioni. Omba tena kijiko kikiwa mkononi: "Ee Yesu mwenye moyo mpole na mnyenyekevu, ufanye moyo wangu ufanane na moyo wako." Kijiko kinachofuata, omba tena. Kwenye sala ya jioni, mkifika pale pa "tuwaze katika moyo wetu makosa ya leo", taja hilo moja la uji, kisha kamwombe mama msamaha. Anasikia huyo, hata kama hajibu.

Kuhusu Komunyo, usijizuie kwa sababu ya kukosa subira. Ekaristi hufuta dhambi ndogo na kutupa nguvu ya kupenda. Kitubio nenda pia, utatoka umepumua. Na mwambie paroko amletee mama Komunyo nyumbani na kumpa Mpako wa Wagonjwa, kama bado.

Nesi wa Tukuyu:
Mimi ni Mmoraviani, mtaniwia radhi kuingilia. Dada, nimesoma neno "makusudi" nikasimama. Kiharusi hudhoofisha hata misuli ya kumezea. Mgonjwa akifunga mdomo au kutema, mara nyingi anaogopa kupaliwa. Mkalishe wima, kidevu kikiinama kidogo. Uji uwe mzito, kijiko kidogo, na uuweke upande wa mdomo wenye nguvu. Kwake ni kushoto. Akikohoa kila akila, mpeleke hospitali wamwangalie, uji ukiingia mapafuni ni hatari. Na asilale ubavu mmoja muda mrefu, mgeuze kila baada ya saa mbili. Ndiyo maana nakwambia peke yako huwezi. Jumuiya yenu wanajua hali yako?

Mama wa Uyole:
Hawajui. Nilikuwa naona aibu, kwamba mkwe gani huyu anashindwa na mama mmoja. Leo nimemwambia mwenyekiti wa jumuiya. Mama wawili wa WAWATA, chama chetu cha wanawake Wakatoliki, watakuja Jumanne na Ijumaa, nami nilale.

Nesi, nimelia. Miezi yote hiyo nilijua ananikomoa. Jioni nimemwomba msamaha, nikamlisha hivyo ulivyosema, nikisali ile sala fupi ya katekista. Imechukua dakika arobaini, kamaliza nusu kikombe, hakutema. Ila naomba uhakika: huo upande wa kushoto, ni wake au wangu nikiwa nimemkabili?

Nesi wa Tukuyu:
Wake, dada. Ule wa mkono ulioshika kitenge.