Warsha za picha hapa Mombasa: tulipie au tusilipie?

Mpiga picha wa harusi, Tudor

Kijana mmoja wa Mikindani ametuuliza swali ambalo limetugawanya wiki nzima. Amenunua kamera ya mkono wa pili. Sasa ameona tangazo la warsha ya siku mbili kwa shilingi 12,000: siku ya kwanza darasani, siku ya pili matembezi ya Mji wa Kale na Fort Jesus, kisha cheti. Mjomba wake anamwambia pesa hizo anunue lenzi. Marafiki wanamwambia aende, atajuana na watu. Humu kwenye mjadala wengine wamesema kila kitu kiko YouTube bure, kulipa ni ujinga. Wengine wamesema asipofundishwa atabaki na picha za pasipoti maisha yake yote.

Mimi kazi yangu ni harusi na hafla. Nimewahi kulipia warsha na nimewahi kufundisha kwa malipo, kwa hivyo jueni ninazungumza nikiwa na maslahi. Msimamo wangu ni huu: warsha ifaayo kulipiwa ni ile ambayo mwalimu ataketi na picha zako mwenyewe, moja moja, akuambie hii imeharibika wapi. Isiyo na hilo, kijana ashike pesa zake.

Yale ya kuelezwa kwa mdomo kweli yako bure. Kasi ya shata (muda ambao mwanga unaachwa uingie), tundu la lenzi na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) zinavyotegemeana, hilo ni somo la saa moja, na limeandikwa kwenye kijitabu kinachokuja na kamera. Kanuni ya zamani ya jua kali, kwamba ukiweka tundu f/16 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo) basi kasi ikaribiane na moja chini ya ISO yako, yaani 1/125 ya sekunde kwa ISO 100, huna haja ya kumlipa mtu akutajie. Hata mwanga wa Mombasa utaujua kwa kutoka nje tu. Tuko nyuzi 4 kusini mwa ikweta: saa sita mchana jua liko utosini na macho ya watu kwenye picha yanageuka mashimo meusi, na jioni giza halisubiri mtu. Ukikwama kwenye foleni ya magari daraja la Nyali, mwanga mzuri umeshakwenda.

Lakini kuna mambo mtu huyasoma mara kumi na bado hayaoni. Chukua picha ya kawaida kabisa ya harusi zetu: bibi harusi kavaa nyeupe, kando yake mamake kavaa buibui jeusi, wamesimama pamoja ukumbini. Kamera ikipima mwanga hudhani kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Ukiielekeza kwenye shela, inaona mwanga umezidi, inapunguza, na uso wa bibi harusi unaingia giza. Ukiielekeza kwenye buibui, inafanya kinyume: buibui linapauka kama lililoanikwa juani mwaka mzima, na shela linaungua lote, ushanga na maua yaliyotariziwa hayaonekani tena. Dawa yake ni kupima mwanga kwenye uso, au kuiamuru kamera kwa mkono iongeze au ipunguze. Maelezo ni hayo tu. Nimefundisha vijana wanaoyakariri neno kwa neno, na picha zao bado zina shela lililoungua, kwa sababu kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera kila kitu kilionekana kizuri na hakuna aliyewahi kuwakuzia picha ile akaweka kidole: hapa palikuwa na ua, liko wapi?

Wanaosema mafundi wakubwa walijifunza wenyewe humtaja Mohamed Amin, mpiga picha wa habari wa Kenya, na ni kweli. Alianza na kamera kuukuu akiwa mvulana, akafungua Camerapix, kampuni yake ya picha, mjini Dar es Salaam mwaka 1963, na picha alizopiga za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliitikisa dunia. Hakungoja cheti. Lakini mpiga picha wa habari ana wahariri. Kila siku yuko mtu wa kuchagua moja na kutupa nyingine, na kwa kutupiwa huko mtu hujifunza. Wapiga picha wa feri ya Likoni miaka ya 1990, wale wa vibanda vyenye mandhari za kuchorwa, walikuwa na mteja: picha ilikuwa karatasi, mtu anaishika mkononi, na usoni mwake unajua kama ameipenda. Leo kijana anapiga, anapakia, anapata laiki mia kutoka kwa binamu zake na aliosoma nao, na hakuna hata mmoja wa kumwambia kwamba bahari yake imeinama upande.

Kwa hivyo, mdogo wangu, kabla hujatuma M-Pesa mpigie mwandalizi simu. Muulize wanafunzi ni wangapi kwa mwalimu mmoja. Wakiwa thelathini, hakuna atakayeitazama picha yako. Muulize mwalimu ni nani na kazi yake ya mwaka huu iko wapi, maana picha tatu za ngalawa na machweo kila mtu anazo. Muulize hasa: baada ya matembezi, ni saa ngapi za kukaa na kukosoa? Nimeona ratiba ambamo kukosoa kumepewa nusu saa ya mwisho, watu wamechoka, wanangojea cheti na picha ya pamoja. Na cheti chenyewe, sijasikia mama wa bibi harusi akikiulizia. Yeye huomba kuona albamu ya harusi nzima, kuanzia nikahi mpaka watu wanapoondoka.

Mjomba naye asidharauliwe. Lenzi ya kamera za kuanzia, ukiivuta mpaka 50mm, kwa kawaida hufunguka f/5.6 tu. Lenzi ya 50mm f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Kwenye kumbi zetu zenye taa hafifu hiyo ni tofauti ya picha iliyotulia na picha iliyotikisika. Kama mwandalizi hana majibu ya maana, nami niko na mjomba.

Halafu kuna sheria, ambayo warsha nyingi huipita mbio. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kazi uliyoagizwa na mteja huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa mteja huyo, isipokuwa mmeandikiana vingine. Ni wapiga picha wangapi hapa mjini wanajua hilo? Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo haichezi: mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mwalimu atakayekuonyesha namna ya kuandika mkataba wa ukurasa mmoja amekupa kitu cha kukaa nacho.

Kijana, Kisauni

Kaka, shikamoo. Umesema vizuri lakini bado unamtetea mfanyabiashara. 12,000 kwetu ni kodi ya chumba ya miezi. Unamwambia kijana asiye na kazi alipie kukosolewa? Sisi tuko wanne, tulianza na simu. Jumapili jioni tunakutana Mama Ngina, tunapitishana simu, kila mmoja anamwambia mwenzake ipi afute na kwa nini. Hatuoneani haya. Mwenzetu mmoja alikuwa anaweka mtu katikati ya kila picha, tukamsumbua mpaka akaacha. Tumelipa nini? Nauli ya matatu na viazi karai.

Na ukitaka kujua kazi, nenda ufuo wa Pirates siku ya Idi. Wale jamaa wa kamera na printa ndogo wanapiga, wanachapisha, wanakabidhi, wanapokea pesa, familia ya pili imeshajipanga. Wanajua kumsimamisha mtoto anayelia mchangani, jua liko nyuma, mawimbi yanakuja. Msaidie mmoja wao kubeba vitu siku nzima, atakufundisha bila hata kujua anakufundisha. Warsha nyingi naona zinafunguliwa na watu waliokosa wateja.

Mpiga picha wa kupamba, Majengo

Assalaam aleikum. Nyote wawili mnaongea kama wanaume, na si lawama, ni kwamba njia mnazozitaja ziko wazi kwenu. Kaka wa Tudor nina hakika alianza kwa kubeba mikoba ya mkubwa fulani, wakirudi usiku wa manane. Huyu mdogo wangu wa Kisauni anakaa Mama Ngina na wenzake mpaka giza. Binti wa Majengo atafuatana na nani? Wazazi gani watamruhusu kushinda ufuoni akimbebea mwanamume vifaa?

Na kazi yetu ipo na wenyewe tunatafutwa. Usiku wa kupamba, sherehe ya wanawake ya kumtoa bibi harusi, mwanamume haingii. Simu zinaachwa mlangoni. Bibi harusi yuko jukwaani, nywele wazi, piko na hina mpaka mabegani, na wanawake mia kadhaa wamejistarehesha kwa sababu wanajua hakuna jicho la nje. Mpiga picha lazima awe mwanamke, na lazima aaminike. Nililipia warsha iliyofundishwa na mwanamke, wanafunzi tulikuwa wachache, na sijutii hata shilingi. Alitufundisha kupiga chini ya taa za rangi za jukwaani, zile zinazomfanya mtu awe wa zambarau. Alitufundisha flashi ielekezwe darini badala ya usoni, hina isipotee. Lakini la maana zaidi alitufundisha amana: kadi ya kamera yenye picha haitoki mkononi mwako, kuhariri unahariri mwenyewe, na kabla ya kupeleka albamu kuchapishwa unauliza nani anaketi kwenye ile mashine. Mama mmoja aliniuliza swali hilo hilo kabla hajanipa arubuni. Ningekuwa sina jibu, kazi ingekwenda kwa mwingine. Nionyesheni YouTube inayofundisha hayo.

Mkaazi, Mji wa Kale

Mnajadili kama kijana atafaidika au hatafaidika. Sisi tunaopigwa picha hamjatuuliza.

Siku za matembezi hayo wanakuja kundi zima na kamera zao, wanajazana kwenye mdomo wa uchochoro. Mzee ameketi barazani na kikombe chake cha kahawa, wanamlenga kwa lenzi ndefu kutoka mbali kwa sababu wameambiwa picha ya mtu asiyejua ndiyo tamu. Mlango uko wazi, ndani kuna akina mama hawajajitanda. Wakiulizwa wanasema, "Tuko na mwalimu." Mwalimu amelipwa, mwanafunzi amepata picha, mzee hata salamu hakupewa, na baadaye uso wake uko kwenye tangazo la warsha ijayo. Milango yetu ya nakshi na roshani zetu zimo kwenye kile wanachokiuza. Kwa nini gharama ya warsha haina hata senti ya mtaa huu? Mtu akija, akatoa salamu, akaketi, akauliza, mara nyingi atakunywa na kahawa. Wengi hawaji hivyo.

Mpiga picha wa harusi, Tudor

Mzee wangu wa Mji wa Kale, haki ni yako na mimi nitaisema wazi: warsha inayouza matembezi mitaani kwa watu bila kuwahusisha wenyeji, mtu asiilipie hata kama mwalimu ni hodari. Kufundisha mtu kumvizia mzee barazani ni kumharibia kazi yake ya kesho, kwa sababu harusi hupewi na watu waliokuona ukivizia. Mwandalizi amlipe mwenyeji wa mtaa awaongoze, waende wachache wachache, na anayekubali kukaa apigwe picha alipwe na apewe nakala yake. Uso ukitumika kwenye tangazo, hilo ni jambo la idhini ya maandishi na malipo yake mbali. Hili liingie kwenye yale maswali ya simu.

Dada wa Majengo, umeongeza jambo ambalo mimi nisingeliweza kulisema kwa haki. Kwa binti asiye na mahali pa kujifunzia, warsha ya mwanamke mwenye kazi inayoonekana naiona ina thamani kubwa kuliko zote tulizozitaja hapa. Ningependa nyinyi mlio kwenye kupamba mzifungue nyingi zaidi, na bei iwe ya kulipwa kidogo kidogo.

Mdogo wangu wa Kisauni, marahaba. Ninyi wanne mnafanya kile hasa ninachokitetea, na kijana wa Mikindani akipata kundi kama lenu aanzie huko, asitoe shilingi. Nakupinga kwa moja tu. Wanne mlioanza pamoja hamtaonana kasoro ambayo nyote mnayo. Kama hakuna kati yenu aliyewahi kuchapisha picha kubwa ya ukutani, hakuna atakayejua kwamba ile iliyong'ara kwenye simu itatoka na uso wa matope. Hapo ndipo kumlipa mtu aliyewatangulia kunapoingia, na si lazima iwe siku mbili na cheti. Changeni wanne, mtafuteni mpiga picha mnayemheshimu, mlipeni kwa muda wa saa tatu akae na picha zenu. Itawagharimu kila mmoja sehemu ndogo ya hizo 12,000, na mtatazamwa zaidi kuliko darasa la thelathini.

Kijana wa Mikindani, mpigie huyo mwandalizi, kisha utuandikie hapa alivyojibu kuhusu idadi ya wanafunzi, saa za kukosoa na watu wa Mji wa Kale. Akikasirika kwa kuulizwa, tuandikie hilo pia. Na wewe mwandalizi, kama unasoma, jibu mwenyewe: katika kila 12,000 unayopokea, ya mtaa unaoutembeza watu ni ngapi?