Binti yuko darasa la 11 Minnesota, hana makaratasi: pesa ya chuo itatoka wapi?

ShangaziKipenzi
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kuhusu mtoto wa kaka yangu. Ana miaka 16, yuko darasa la 11 shule ya umma hapa Minnesota. Aliingia na mama yake kwa visa ya matembezi akiwa na miaka 12, visa ikaisha, na hawajaomba hadhi yoyote tangu hapo. GPA yake (wastani wa alama) ni 3.7, anataka uuguzi. Mama analipa kodi kwa ITIN (namba ya kodi ya wasio na Social Security), kipato cha nyumba ni kama dola 46,000 kwa mwaka. Baba yuko Mombasa, hawawasiliani.

Maswali: ajaze FAFSA (fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu)? DACA (kinga ya muda dhidi ya kufukuzwa kwa walioletwa utotoni) bado inapokelewa? Skolashipu zisizojali uraia zipo kweli au ni maneno ya WhatsApp? Na kuna ndugu wanaoshauri arudi Kenya akaombe visa ya mwanafunzi. Nisaidieni.

MzeeWaFomu
Dada, tuanze na yasiyopendeza tuyamalize. FAFSA ni ya pesa za serikali kuu: Pell Grant, mikopo na zile kazi za chuoni. Asiye na makaratasi hapati hata senti humo, na mwenye DACA vilevile. Asiijaze. DACA yenyewe ilianza 2012 na inamtaka mtu awe ameishi Marekani mfululizo tangu tarehe 15 Juni 2007. Huyu binti alikuwa hata hajazaliwa. Akitokea mtu anataka dola mia kadhaa ili "amfungulie DACA", mfungieni mlango.

Halafu kuna hili la kuandika ukutani. Kwenye fomu yoyote, iwe ya chuo, ya kazi au ya leseni ya udereva, asiweke alama penye "raia wa Marekani". Tangu sheria ya uhamiaji ya 1996, kudai uraia wa uongo kunaziba njia ya grini kadi hata akija kuolewa na raia, na msamaha wake ni kama haupo. Mara nyingi si hila. Mtoto anajaza haraka kwenye simu, anakuta swali la lazima, anabonyeza jibu la kwanza. Kaeni naye anapojaza. Penye namba ya Social Security aache wazi, na ITIN isiingizwe hapo. Hizo ni namba mbili tofauti na faili linaweza kukwama kwenye uhakiki.

BwanaRuzuku
Watu wengi wanatafuta kinyumenyume: skolashipu za mtandaoni kwanza, jimbo mwisho. Pesa kubwa iko jimboni na kwenye mifuko ya vyuo vyenyewe.

Minnesota ina sheria yake ya 2013, Minnesota Dream Act. Masharti: awe amesoma hi-skuli ya Minnesota angalau miaka mitatu na kuhitimu humu humu, au kupata GED ya jimbo (cheti kinachosimama badala ya cha hi-skuli). Mvulana aonyeshe amejisajili Selective Service (daftari la wanaoweza kuitwa jeshini), na asiye na namba ya Social Security anajisajili kwa fomu ya karatasi ya posta. Kuna sharti la kuonyesha umeomba hadhi halali, lakini linafanya kazi pale tu serikali kuu inapokuwa na utaratibu wa kuiomba, na kwa watoto kama huyu haupo. Akitimiza hayo analipa ada ya mkazi na anaweza kupata Minnesota State Grant. Fomu inatoka ofisi ya elimu ya juu ya jimbo na inajazwa KILA mwaka. Wengi wanapotelea hapo: mwaka wa kwanza wamepata, wa pili wanadhani inajiendesha yenyewe.

Ya pili ni North Star Promise, iliyoanza muhula wa vuli 2024. Familia yenye kipato chini ya dola 80,000 imo, kwa hiyo nyinyi mmo. Inalipa sehemu ya ada iliyobaki baada ya ruzuku nyingine kuhesabiwa, kwenye vyuo vya umma na vya makabila asilia. Haigusi kodi ya nyumba, chakula wala nauli. Akikaa nyumbani na kusoma chuo cha karibu, ada inaweza kufika sifuri. Akienda kuishi bwenini bado kuna maelfu ya kutafuta.

Tahadhari: Juni 2025 Wizara ya Sheria ya Marekani iliishtaki Minnesota juu ya ada hiyo na msaada huo. Kabla ya kila muhula pigeni simu ofisi ya misaada ya chuo muulize utaratibu wa sasa. Picha ya tangazo la mwaka juzi haitoshi.

Na msikose PSEO. Wanafunzi wa darasa la 10 hadi 12 wanasoma kozi za chuo, ada na vitabu vikilipwa na jimbo. Ili aanze darasa la 12, shule yake iarifiwe kufikia tarehe 30 Mei. Onyo: alama za PSEO zinabaki kwenye transkripti ya chuo. Akifeli kozi mbili leo, zitahesabika wakati ofisi ya misaada inapopima kama anaendelea vizuri kimasomo.

Kijana_Atlanta
Na sisi wa Georgia? Mambo ni hayo hayo?

BwanaRuzuku
Hapana ndugu yangu. Georgia unalipa ada ya mtu wa nje ya jimbo, na vyuo vikuu vya umma vyenye ushindani mkubwa havikupokei. South Carolina vyuo vya umma vimefungwa kabisa. Texas lilikuwa jimbo la kwanza kutoa ada ya mkazi, mwaka 2001, ikafutwa mahakamani Juni 2025. Florida nayo imeondoa ya kwake kuanzia Julai 2025. Makala ya 2023 kuhusu majimbo hayo itakupoteza. Kwa waliofungiwa hivyo, TheDream.US, shirika la skolashipu kwa wasio na makaratasi, wana Opportunity Scholarship inayokupeleka kusoma kwenye vyuo washirika wao katika majimbo mengine.

PwaniHalisi
Mimi nasimama na hao ndugu. Arudi, aombe F-1 (visa ya mwanafunzi) kwa heshima, aingie kwa mlango wa mbele.

MzeeWaFomu
Mkuu, mlango wa mbele una kufuli, na tarehe ndizo zinazoamua. Siku za kukaa bila hadhi hazihesabiwi mtu akiwa chini ya miaka 18. Akifikisha 18 hesabu inaanza. Zikizidi siku 180 kisha akatoka, haruhusiwi kurudi kwa miaka mitatu. Zikifika mwaka mzima, ni miaka kumi. Kwa hiyo dirisha lipo mpaka miezi sita hivi baada ya kutimiza 18, ila hata akiondoka ndani yake, afisa wa ubalozi ataona visa ya zamani ilipitiliza, na atamtaka athibitishe ana sababu ya kurudi Kenya, nchi aliyoiacha akiwa na miaka 12. Tena F-1 inadai aonyeshe pesa ya mwaka wa kwanza mzima, na North Star haitakuwepo. Asipande ndege kabla wakili wa uhamiaji hajasoma faili lake. Wakili mwenye leseni, nasema, si "notario", yaani mjaza fomu asiye wakili.

DadaWaMasomo
Naongeza upande wa vyuo binafsi. Vyenye akiba kubwa vinatoa ruzuku kutoka mfukoni mwao, kwa hiyo katazo la serikali kuu halivigusi. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin vinaamua udahili bila kuangalia uwezo wa kulipa, bila kujali uraia, halafu vinaziba pengo lote. Tufts ilitangaza tangu 2015 kuwa wasio na makaratasi wanapimwa kama waombaji wa ndani. Kila chuo aulize swali moja: mhitimu wa hi-skuli ya Marekani asiye na hadhi mnamweka kundi la ndani au la kimataifa? Chuo kile kile kinaweza kuwa na pesa kwa kundi moja na ukame kwa jingine.

Fomu ya misaada ya vyuo vingi vya aina hiyo ni CSS Profile, si FAFSA. Haihitaji Social Security, na kwa kipato chenu ni bure. Mama atoe fomu yake ya kodi ya 1040. Asiye na W-2 (taarifa ya mshahara ya mwaka) apate barua ya mwajiri yenye kiwango cha malipo na kipindi.

QuestBridge, mpango wa kuwaunganisha wanafunzi wa kipato kidogo na vyuo vyenye ufadhili, nayo inapokea yeyote anayesoma hi-skuli Marekani bila kujali uraia, kuomba ni bure, na mwisho ni Septemba ya darasa la 12. Insha zianze Juni. Septemba walimu wa mapendekezo wanakuwa wameelemewa.

Skolashipu za mashirika: TheDream.US wanafungua maombi Novemba. National Scholarship yao inadumu hadi digrii, lakini kwenye vyuo washirika tu, na mwombaji awe ameingia nchini kabla ya miaka 16. Kuna pia tarehe ya mwisho ya kuingia ambayo wameshaibadilisha, someni ya mwaka huu. Golden Door Scholars wako North Carolina. Jack Kent Cooke hawabagui kwa uraia, mwisho wao ni Novemba, ushindani ni mkali. Immigrants Rising wanatunza orodha ya bure, ichujeni kwa jimbo. Gates Scholarship msiiguse, inataka raia au mwenye grini kadi.

Kitu kimoja kinawaumiza watu baadaye: ukileta dola 3,000 kutoka nje, chuo kinaweza kupunguza ruzuku yake kwa dola 3,000, ukabaki pale pale. Uliza mapema wanapunguza nini kwanza, ruzuku yao au pengo lako.

NesiMstaafu
Uuguzi usimameni kidogo. Ada si tatizo pekee. Kwenye mafunzo ya hospitali anachunguzwa rekodi, na baadhi ya mifumo inadai Social Security. Halafu leseni: sheria ya serikali kuu ya 1996 inazuia majimbo kutoa leseni za kitaaluma kwa wasio na hadhi, isipokuwa jimbo litunge sheria ya kuruhusu. California ilifanya hivyo 2014. Kabla ya kuingia programu ya uuguzi, aandikie bodi ya uuguzi ya jimbo atakalofanyia kazi, apate jibu kwa maandishi. Wakati anasubiri achukue biolojia, kemia na takwimu, maana zinahamishika hata akibadilisha njia.

ShangaziKipenzi
Asanteni sana wakuu. Mama yake anaogopa kuandika jina na anwani popote. Na hiyo CSS inamtaka baba wa Mombasa, tutafanyaje?

DadaWaMasomo
Woga wake una msingi. Sheria ya FERPA ya 1974 inakizuia chuo kugawa rekodi za mwanafunzi bila ridhaa, lakini amri ya mahakama inaivuka. Na Aprili 2025 mamlaka ya kodi ilisaini makubaliano ya kuwapa taarifa watu wa uhamiaji. ITIN anayo tayari, anwani yake wameshaijua. Kuhusu kuendelea kujaza kodi, hilo ni la wakili. Kwa mwanafunzi, sheria moja: hali yake asiiandike kwenye barua pepe wala insha isipokuwa skolashipu yenyewe imeiuliza. Ofisi ya misaada mwende ana kwa ana.

Kuhusu baba, si kila chuo kinamdai. Kinachomdai kina fomu ya kuomba asihusishwe. Mama anaeleza lini mawasiliano yalikatika na kwamba hapokei matunzo, na inaambatanishwa barua ya mtu wa tatu anayeijua familia: mshauri wa shule, mwalimu, imamu, mchungaji, daktari. Barua ya ndugu kwa kawaida hairidhishi, kwa hiyo shangazi hapo pumzika. Mtafuteni mshauri wa shule kabla shule haijafunga Juni, maana vyuo vingine vinataka ombi hilo lifike pamoja na maombi ya Novemba.