Naomba ushauri: mlango wa Corolla haufunguki kwa ndani

Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada. Nina Corolla ya 1993, niko Mtwara huku Shangani karibu kabisa na bahari na chumvi inakula vyuma balaa. Mlango wa dereva kwa nje unafunguka freshi ila kwa ndani kitasa kinacheza tu, inabidi nishushe kioo nitoe mkono. Nimefungua kava nikakuta kile kiklipu cha plastiki kinachoshika fimbo ya kitasa kimekatika, nikafunga waya, siku mbili ukaachia. Loki nayo nimepuliza WD-40, ikalainika wiki moja ikarudi kukaza. Kiklipu kinauzwa chenyewe au lazima ninunue loki nzima ya mtumba? Na kwa huku pwani nipake grisi gani idumu? Kweli naogopa, nikipata ajali kioo kikagoma nitatokaje.