Cessna 172 ngumu kuwaka asubuhi, ilhali magneto zote mbili zinapita majaribio

Rubani_Wilson
Wakuu, salaam. Tunarusha Cessna 172M yenye injini ya Lycoming O-320-E2D kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, na tangu baridi ya Julai ianze, imekuwa ngumu sana kuwaka asubuhi. Betri ni mpya, starta inazungusha propela vizuri, na mafuta yanafika kwani harufu yake inasikika, lakini injini haishiki. Mara nyingi hushika pale tu ninapouachia ufunguo: propela ikiwa bado inazunguka kwa nguvu iliyobaki, silinda moja hupiga, kisha nyingine hufuata. Kinachonichanganya ni kwamba nikijaribu magneto (vifaa viwili vinavyozalisha cheche za plagi) kabla ya kuruka, katika mizunguko 1,700 kwa dakika, nikiacha moja tu ifanye kazi mwendo wa injini hushuka kidogo tu, chini kabisa ya kikomo cha mizunguko 125 kilichomo katika kitabu cha ndege. Je, nianze na plagi au kabureta?

Fundi_Arusha
Ndugu, anza na plagi, hasa za chini, kwa sababu ndizo zinazokusanya oili na masizi ya risasi iliyomo katika 100LL, yaani petroli ya ndege. Zipimwe pia ukinzani. Ikiwa plagi imevuka omu 5,000, ibadilishwe. Kuhusu mafuta, petroli baridi haigeuki mvuke kwa urahisi, hivyo ukishapiga praima (pampu ndogo inayopeleka mafuta kwenye injini kabla ya kuwasha) subiri sekunde chache kabla ya kugusa starta. Tafadhali usipampu mkono wa kuongeza kasi: kabureta hiyo hurusha mafuta kwenye njia ya hewa, na injini ikirudisha moto nyuma, yanaweza kuwaka humo humo.

Mhandisi_Mstaafu
Ushauri wa mwenzangu ni mzuri, lakini nadhani dalili iliyo nzito zaidi ni hiyo ya injini kushika ufunguo unapoachiliwa. Katika ndege hii, ufunguo ukiwa kwenye nafasi ya kuwashia, magneto ya kulia huzimwa kwa kuunganishwa na bodi, na kazi yote hubaki kwa ile ya kushoto. Starta huzungusha injini polepole mno kiasi kwamba magneto peke yake haiwezi kutoa cheche ya maana. Isitoshe, cheche yake imepangwa kutokea nyuzi 25 za mzunguko wa injini kabla pistoni haijafika juu, jambo ambalo ni mapema mno kwa mwendo huo. Kwa hiyo magneto ya kushoto imefungwa kaplingi ya impalsi, yenye springi inayoizuia kidogo, kisha kuiachia kwa ghafla, ili cheche iwe kali na ichelewe hadi pistoni ikaribie kilele. Kaplingi hiyo ikishindwa, injini haishiki wakati wa kuwasha; ukiuachia ufunguo, magneto ya kulia inarudi kazini, na ndiyo inayokuokoa. Majaribio ya mizunguko 1,700 hayawezi kufichua kasoro hiyo, kwani injini ikishashika kasi, vijino vya kaplingi hujivuta pembeni na magneto hufanya kazi kama kawaida.

Kaplingi inayofanya kazi husikika. Propela ikizungushwa taratibu kwa mkono, kunatoka mlio mkavu wa “tak!” kila inapoachia. Kipimo hicho kifanywe na fundi mwenye leseni, ndege ikiwa imewekewa vizuizi vya magurudumu na ufunguo umetolewa, na bado propela ichukuliwe kuwa hai: waya wa kuzimia magneto ukiwa umekatika, ufunguo hauzimi chochote, na watu wamepoteza mikono kwa namna hiyo. Nakusihi pia usiendelee kuruka kabla haijakaguliwa. Kaplingi iliyochakaa inaweza kudondosha vipande ndani ya sanduku la gia nyuma ya injini.

Fundi_Arusha
Nakubaliana naye. Angalia kumbukumbu za matengenezo: magneto hizi hupaswa kufunguliwa na kukaguliwa kila baada ya saa 500.

Rubani_Wilson
Nashukuru sana, wakuu. Ndege tuliisimamisha. Fundi wetu alipozungusha propela, hatukusikia mlio wowote upande wa kushoto, na magneto ilipofunguliwa, vijino vilikuwa vimegandiwa na oili nzito nyeusi kiasi cha kutonasa kabisa. Ukaguzi wa saa 500 haukuwa umeandikwa popote. Sasa magneto imepelekwa karakana, na ikirudi itapangwa upya kwenye nyuzi 25 kabla ya ndege kuruhusiwa kuruka.